Nimerudi kutoka Ulaya, shamba sijapata!

BASI bwana, nilipowaambia washikaji wa kijiweni kwetu Manzese kwamba Ijumaa naondoka kwenda Ulaya, mmoja aliniagiza viatu, mwingine akataka jezi ya Arsenal, na yule anayejifanya mjuaji akaniuliza viza nimeipata lini. Nikawaacha hivyo hivyo, waumie roho kidogo.

Ulaya ninayoisema mimi haina theluji, msomaji wangu. Iko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara itokayo Kilosa mjini kwenda Mikumi, na wenyewe wa huko ni wakulima wa mahindi, ufuta na mbaazi. Nilikwenda kununua shamba. Mimi na dada yangu tumejinyima miaka mitatu, yeye kwa chapati na maharage, mimi kwa vihela vya kuandika andika hivi, ili mama atoke kwenye chumba cha kupanga akapumzike kwenye udongo wake. Dada alinikabidhi bahasha huku ameikazia macho. "Mdogo wangu, ukilizwa hizi, usirudi hapa. Pitiliza hadi Ulaya ya wazungu."

Nikapanda treni ya SGR, hii iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nikashuka Kilosa. Tangu treni hiyo ianze, watu wa Dar wamegundua kwamba Kilosa si mbali, na kila mtu anataka ekari mbili upande huo. Bei siitaji hapa, maana nikiitaja tu itapanda.

Dalali niliyeelekezwa ni mzee wa baraghashia, ana daftari la kaunta lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kaniomba jina lake lisitoke gazetini, nami naheshimu. Nilimwamkia shikamoo, nikategemea tupande pikipiki moja kwa moja hadi shambani. Wapi! Akanipeleka kwa miguu hadi ukingoni mwa mto Mkondoa, akasimama, akawa ananitazama.

"Mzee, mbona unanionyesha mto wakati mimi nataka shamba?"

"Nakuonyesha kwa sababu wewe umekuja kiangazi," akasema. "Kiangazi kila kiwanja ni kizuri, mwanangu."

Akanikumbusha Desemba 2009 na Januari 2010. Mkondoa ulivunja kingo, maji yakaingia mjini, maelfu ya watu wakalala kwenye mahema na reli ya zamani ikang'olewa. Wapo waliokuwa wamenunua viwanja vyao miezi michache tu kabla, kwa bei ya kutupa, na waliowauzia walijua fika kwa nini wanauza kwa bei ya kutupa. Ushauri wake wa kwanza ukawa huo: usinunue ardhi ya Kilosa hujaiona masika. Njoo Machi, vaa gambuti, uliza jirani maji yalifika wapi, na uangalie ukuta kama una alama. Halafu kuna sheria, ile ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo hata mto usipokufuata, serikali inaweza kukufuata.

Nikaanza kumpenda mzee. Dalali wa kwetu mjini ukimpigia simu asubuhi, jioni umeshamlipa kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha chumba chenye panya.

Tukapanda pikipiki mishikaki hadi Ulaya. Njia nzima mzee ananipigia kelele sikioni juu ya barabara. Watu wanapenda kununua kandokando ili wafungue duka, lakini Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga ndani ya hapo, siku moja utaamka ukute ukuta wako umechorwa X nyekundu, na fidia uisikie kwa majirani. Akasema wanaouza vipande vya hapo huwa wana haraka sana na bei yao haina maringo.

Ulaya yenyewe imegawanyika, kuna Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Nilidhani nitakuta vumbi na mbuyu mmoja. Kumbe ni kijani, miti imefungana, vilima vinaonekana kwa mbali, na hewa yake ukiivuta unakumbuka kwamba Manzese tunavuta moshi. Nikasema kimoyomoyo, mama atanenepa hapa!

Nikamwonyesha mzee pori moja safi kabisa. "Hili hapa lina mwenyewe?"

Alicheka hadi baraghashia ikataka kudondoka. Lile pori ni msitu wa kijiji. Vijiji hivi viwili ni miongoni mwa vile vya Kilosa vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012, wakishirikiana na shirika la kuhifadhi misitu, TFCG, na mtandao wa wanavijiji, MJUMITA. Kijiji kinapanga matumizi ya ardhi yake, kinatenga eneo la kuvuna mkaa kwa zamu ili miti iote tena, na ushuru unarudi kijijini kwa shughuli za maendeleo. Sasa wewe mtu wa Dar anakuja kijana anakuuzia ekari tano za msitu huo, anakuandikia karatasi, mnapigana picha. Siku ukifika na panga la kufyeka, unakutana na kijiji kizima!

Hapo ndipo aliponipa somo ambalo nililiandika kwenye kiganja kwa sababu daftari lilikuwa chini ya begi. Ardhi ya kijiji hununui kwa mtu peke yake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia, na haigawi ardhi bila kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mgeni lazima apite huko. "Mwenyekiti akikugongea muhuri chini ya mwembe," mzee alisema, "wewe umenunua muhuri."

Akaongeza harakaharaka mambo mengine. Mashamba ya zamani ya mkonge yaliyogeuka pori wilayani Kilosa, usidanganyike kwamba hayana mwenyewe. Mengine yana hati, mengine hati zake zimefutwa na yamerudi serikalini. Uliza pia ng'ombe wanapita wapi. Hapo hakucheka. Alitaja tu Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, ambako ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30, akanyamaza.

Kisha tukafika kwenye shamba letu. Nasema letu kwa sababu nilikuwa nimeshalipenda kwenye picha ya simu. Ekari mbili, migomba, kijumba cha matofali ya kuchoma, kisima kwa jirani. Muuzaji, mwanamume wa makamo, alikuwa mchangamfu ajabu, akatukatia muwa. Tukaelewana bei. Mkono wangu ukaenda kwenye bahasha.

Mzee akamuuliza muuzaji, "Shemeji yuko wapi?"

"Ah, yule! Mambo ya wanaume haya."

Mzee akakaa chini kabisa, kwenye mzizi wa mwembe, akasema tutamsubiri. Tulisubiri saa mbili na zaidi, muuzaji amenuna, mimi nimenuna zaidi. Yule mama alikuja na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Mzee akamweleza kwa upole sisi ni nani na tumefuata nini. Mama hakupiga kelele. Alitua kuni, akatutazama mmoja mmoja, akamuuliza mumewe, "Na wanangu watalima wapi?"

Yaani msomaji, nilitamani ardhi ile ile ipasuke. Nilimwona mama yangu pale pale, na chumba chake cha kupanga. Kumbe mwenye shamba alikuwa na deni mahali na mkewe hajui. Mzee akanieleza baadaye kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kesi za namna hiyo zinamaliza hela kuliko shamba lenyewe. Lakini kwa kweli wakati ule sikuwa nafikiria sheria. Tuliaga, muwa nikauacha.

Mzee alikosa kamisheni yake na hakuonyesha kujali. Tulilala Ulaya, asubuhi akanisindikiza hadi Mikumi nikapande basi. Mikumi ndiko wenye pesa wanakokimbilia kujenga nyumba za wageni, kwa ajili ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko, anasema, viwanja vilivyopimwa vipo, ufanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata mia. Lakini uulize wanapopita tembo. "Tembo hasomi hati," akasema. Wakila migomba yako, serikali inakupa kifuta jasho, na jina lenyewe linakueleza si fidia.

Basi likaja. Nikampa hela ya soda na nauli, akaihesabu, akanirudishia noti moja. Akaniambia kuna nusu ekari Kibaoni, mwenyewe na mkewe wote wanataka kuuza, wanasubiri mkutano mkuu wa kijiji. Akipata tarehe atapiga simu. Nije masika.

Nyumbani dada alihesabu bahasha mara mbili ndipo akanipa chai. Kijiweni wakauliza viatu viko wapi. Nikawatolea kilo moja ya mbaazi, nikawaambia ndiyo zawadi ya Ulaya hiyo, chemsheni.