Waliochoma Tofali

Habari ya kuhamishwa ilitufikia Ulyankulu tukiwa tumeshakuwa wenyeji. Makazi yale ya mkoani Tabora yalifunguliwa kwa ajili yetu, Warundi tuliokimbia mauaji ya 1972. Mimi nilivuka mpaka nimeshikwa mkono na dada, sijaanza hata kusoma. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni tukaambiwa maji hayatoshi, ardhi imechoka na watu wamezidi. Kweli, visima vilikuwa vikikauka mapema. Mwaka 1978 yalikuwa yameshafunguliwa makazi mapya Mishamo, wilayani Mpanda, na mwaka 1979 watu zaidi ya 20,000 wa Ulyankulu wakapelekwa huko.

Siku hizi nikisikia vijana wakiuliza kama wazee walikubali au walikataa, naona swali lenyewe halikai sawa. Mkutanoni karibu wote walinyamaza. Jibu ulilipata nyumbani kwa mtu. Fundi seremala wa jirani aling'oa mlango, madirisha na mihimili, akavifunga kwa kamba za magome, akaacha kuta zimetoboka. Mama mmoja nyuma yetu alichimba mihogo ambayo haijakomaa, kisha akakata vijiti vya mbegu na kuviviringisha kwenye mkeka uliolowana. Baba aliuza mbuzi kwa Wanyamwezi wa vijiji vya karibu kwa bei ya aibu. Kulikuwa na mzee aliyekuwa amemzika mkewe pale, naye alikaa kando ya kaburi malori yakinguruma, hadi katekista alipomwendea. Sijui waliongea nini. Alipanda lori la mwisho, mikono mitupu.

Mishamo ilikuwa miombo tupu na mbung'o. Vijiji 16 vilichorwa kwenye ramani kabla mtu hajafika, barabara zimenyooka, na kila kaya ikapewa hekta 5. Kwetu Burundi boma la mtu lilikuwa kilimani kwake, katikati ya migomba yake; huku tukapangwa kandokando ya barabara kwa kufuata orodha. Aliyekuwa jirani Ulyankulu ukamkuta kijiji kingine, na wa kushoto na kulia wakawa watu ambao hata kilima chao hukijui. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, hivyo kumtembelea ndugu aliyebaki Tabora, au kwenye makazi mengine ya Warundi ya Katumba upande wa reli, kulikuwa safari ya ofisini kabla ya kuwa safari ya njiani.

Shirika la kuhudumia wakimbizi la TCRS lilichimba visima na kujenga shule na zahanati, na kufikia 1985 likakabidhi makazi kwa serikali. Chakula cha msaada kilikuwa kimeshakoma zamani. Mahindi, maharage na mihogo tulikuwa tukiuza mpaka Mpanda mjini, baadaye na tumbaku.

Ugomvi ulioanza hapo ni wa nyumba, na ndio ninaoukumbuka kuliko njaa ya msimu wa kwanza. Baba alitaka kuchoma tofali. Jirani wa kulia alimcheka: mtu anayerudi kwao anajenga ya nini? Kwa wengi Mishamo ilikuwa mahali pa kungojea, na nyumba nzuri ilifanana na kuisahau Burundi. Jirani huyo alikandika udongo na kuezeka nyasi, akakandika tena kila baada ya masika, kwa fahari kabisa. Baba alifyatua kiangazi kizima, akapanga tanuru, na usiku wa kuwasha moto walikuja hata waliompinga, kwa sababu tanuru halilali na pombe ya mahindi ilikuwepo. Jirani yule alichochea kuni hadi alfajiri huku akiendelea kubishana. Nilijifunza Kirundi cha matusi usiku huo.

Baba alifariki kabla ya 2007, serikali ilipotuuliza tuchague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Nadhani angechoka tu. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Tuliobaki, watu kama 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, maombi yetu yalikubaliwa 2010, lakini kwa sharti la kuhama tena na kutawanywa katika mikoa mingine. Cheti kingefuata baada ya kuhama.

Safari hii waliochoma tofali ndio walioumia. Nyumba ya udongo unaiacha ikarudi ardhini. Ya tofali na bati unaihesabu usiku kitandani. Watu waliacha kupanda miti ya matunda. Bati likitoboka walitega sufuria. Wapo waliouza kila kitu wakabaki wanalala juu ya mikeka miaka mitatu, wakingoja malori ambayo safari hii hayakuja. Jirani wa kulia alikuwa mzee sana, na peke yake kijijini aliendelea kukandika ukuta wake kila masika kana kwamba hakusikia tangazo. Nilimuuliza. Akasema yeye alishajiandaa kuondoka tangu 1979, wengine ndio wamechelewa.

Mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa, na sharti la kuhama likaondolewa. Mzee alipopata chake aliwauliza wanawe bei ya mabati kabla ya bei ya mbolea. Aliezeka, akapanda miembe kwenye mpaka wetu, hatua kadhaa ndani ya shamba langu. Nilimpeleka kwenye baraza la kijiji. Alikuja na vijiti vya upimaji wa zamani alivyovihifadhi darini miaka yote hiyo, yeye aliyekuwa akingoja kuondoka, na nikashindwa kesi.