Memento na Ghajini: Nani Aliandika Hiki Kikaratasi?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze sinema. Lakini msikimbie. Mtaona wenyewe kwamba bado tuko kwenye mambo yale yale ya data.

Nataka kulinganisha filamu mbili. Ya kwanza ni Memento ya Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2000. Ya pili ni Ghajini, ile ya Kihindi ya mwaka 2008 aliyocheza Aamir Khan. Ya pili imechukua wazo lake kutoka kwa ya kwanza, ikapitia kwanza Ghajini nyingine ya Kitamil ya mwaka 2005 aliyocheza Suriya. Zote mbili za Kihindi ziliongozwa na mtu mmoja, A.R. Murugadoss, kwa hiyo bwana huyu alitengeneza toleo lake, kisha akalitengeneza upya mwenyewe.

Sisi tuliokulia Kiwanjani, huu mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege wa Isiolo, wengi wetu tulianza na Ghajini. Filamu za Kihindi huku ni kama chai ya asubuhi. Nyingine hufika zikiwa zimeshatiwa sauti za Kisomali, na ndani ya banda la video unamkuta Mborana, Msomali, Mturkana na Mmeru wamebanana kwenye benchi moja wakimlilia msichana mmoja wa Bombay. Nilikuwa bado shule ya msingi. Memento nilikuja kuiona chuo kikuu, kwenye laptop ya mwenzangu wa chumba, na dakika kumi tu zilinitosha kusema: "Aa, hii ni Ghajini!" Mwenzangu alinitazama kama mtu aliyemtusi mamake.

Tahadhari: kuanzia hapa nafichua miisho ya filamu zote mbili. Kama hujaziona, zitafute kwanza halafu urudi.

Hadithi kwa ufupi

Kwenye Memento, Leonard Shelby (Guy Pearce) alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima. Alipigwa kichwani usiku wa uvamizi nyumbani kwake, na tangu hapo ubongo wake hauhifadhi jambo jipya. Ya zamani anayakumbuka vizuri, ila ya leo yanafutika baada ya dakika chache. Anamsaka mtu anayemwita John G., ambaye anaamini ndiye aliyemuua mke wake. Silaha zake ni picha za kamera ya Polaroid, vikaratasi, na tatuu alizojichora mwilini ili zisipotee.

Kwenye Ghajini, Sanjay Singhania ni tajiri mwenye kampuni ya simu. Msichana anayeitwa Kalpana (Asin) anaropoka kwamba huyo tajiri ni mpenzi wake, ilhali hajawahi hata kumwona. Sanjay anaenda kumkabili, anampenda, na anajifanya mtu wa kawaida jina lake Sachin. Kalpana anawaokoa wasichana 25 waliokuwa wakisafirishwa kuuzwa, na kwa ajili hiyo mhalifu Ghajini anamuua. Sanjay anapigwa kichwani kwa chuma. Kumbukumbu yake sasa inadumu dakika 15. Picha, vikaratasi na tatuu ni vile vile.

Mtu akiangalia juu juu atasema ni programu moja, imebadilishwa rangi tu. Sivyo.

Programu mbili, maswali mawili

Memento inasimuliwa kinyumenyume. Matukio ya rangi yanakwenda kutoka mwisho kuelekea mwanzo, na kati yake kuna vipande vya rangi nyeusi na nyeupe vinavyokwenda mbele, mpaka pande hizo mbili zinakutana. Wenzangu wa kompyuta watalitambua rundo hapa: sahani ya mwisho kuwekwa juu ndiyo ya kwanza kutolewa. Nolan hakufanya hivyo kwa mbwembwe. Kila kipande kikianza, wewe mtazamaji hujui kilichotokea kabla, sawasawa na Leonard. Unaona mtu anakimbia na hujui kama anafukuza au anafukuzwa. Ugonjwa umehamishwa kutoka kwake ukaletwa kwako.

Murugadoss aliutupa mpangilio huo wote. Polisi anaipata shajara ya Sanjay, anaisoma, na sisi tunarudishwa nyuma kuanzia mwanzo wa mapenzi, hatua kwa hatua, pamoja na nyimbo za A.R. Rahman. Mwanachuo yule wa chumbani kwangu alisema hapo ndipo filamu ilipoharibiwa. Mimi sikubali. Ghajini haitaki usahau, inataka ukumbuke. Inakupa zaidi ya saa nzima ya Kalpana akicheka, akidanganya, akimsaidia kipofu barabarani, ili baadaye wewe uwe unamjua vizuri kuliko mwanamume aliyempenda. Yeye amebaki na hasira na jina. Wewe ndiye unayebeba kumbukumbu yake. Ndiyo maana banda zima lilikuwa linalia.

Mtu anayetaka kuona nakala mbaya na atazame Psycho ya Gus Van Sant ya mwaka 1998. Alichukua filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 akairudia karibu picha kwa picha, kwa rangi. Dola 40,000 zilizoibwa na Marion mwaka 1960 zikawa 400,000, maana bei za vitu zilikuwa zimepanda. Mengine mengi yakaachwa vile vile, hata muziki wa Bernard Herrmann. Kila mstari ulinakiliwa, na programu ikakataa kutisha, kwa sababu ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya watazamaji ambao hawakutarajia mhusika mkuu auawe katikati ya filamu. Mwaka 1998 kila mtu alikuwa anaijua bafu ile. Murugadoss hakufanya kosa hilo. Alichukua wazo, akaliandika upya kwa watumiaji wake.

Lakini kuna kitu kimoja alichokiacha, nacho ndicho kiini cha Memento.

Kalamu zilizofichwa

Kuna tukio ambalo kila mtu anayeandika mifumo ya kompyuta anapaswa kulitazama. Natalie (Carrie-Anne Moss) anakusanya kalamu zote za nyumba yake na kuzificha. Kisha anamtukana Leonard matusi mazito, mpaka Leonard anampiga. Natalie anatoka nje, anaketi ndani ya gari, anasubiri tu. Ndani ya nyumba Leonard anahangaika kutafuta kalamu aandike kilichotokea kabla hakijafutika. Hapati. Natalie anarudi na uso uliovimba, anasema kuna mwanamume mwingine aliyempiga. Leonard anaamini, na anakwenda kumtafuta huyo mwanamume.

Mwisho wa filamu ni mbaya zaidi. Teddy anamwambia kwamba mhalifu wa kweli alishauawa zamani, na aliyemuua ni Leonard mwenyewe. Leonard hataki ukweli huo. Anachoma picha ambazo ni ushahidi, anaandika nyuma ya picha ya Teddy kwamba asiamini uongo wake, na anajiwekea namba ya gari la Teddy kama dalili. Anajua kwamba baada ya dakika chache atasahau ni kwa nini aliandika, na atayaamini maandishi yake mwenyewe. Ameingiza data ya uongo kwenye hifadhi yake makusudi, kwa sababu mkono ni wake na hati ni yake.

Kwenye Ghajini shaka hiyo haimo. Tatuu za Sanjay ni za kweli, mhalifu ni mhalifu. Ghajini anapogundua nyumba ya Sanjay, anaharibu picha na vikaratasi vyote na kuziharibu hata tatuu. Data yote imefutwa. Halafu Sunita, mwanafunzi wa udaktari aliyeijua habari yake yote, anamsimulia upya. Yaani nakala ya akiba ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mwingine.

Binamu yangu

Nina sababu ya kuzirudia filamu hizi. Binamu yangu alikuwa mwendesha bodaboda. Miaka miwili iliyopita alianguka kwenye barabara ya Moyale, hakuwa na kofia ya kinga, akalala hospitalini wiki nyingi. Alipona mwili. Ya zamani anayakumbuka, hata majina ya ngamia wa babu. Ya leo ndiyo yanamponyoka. Siyo vibaya kama Leonard, lakini ukimsalimia asubuhi, jioni anaweza kukuuliza umefika lini.

Madaktari waliijua hali hii muda mrefu kabla ya Nolan. Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa, na tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi matukio mapya hadi alipofariki mwaka 2008. Hata hivyo mwanasaikolojia Brenda Milner aligundua kwamba Molaison aliweza kujifunza kuchora kwa kutazama kioo, akawa hodari siku baada ya siku, huku akisema hajawahi kufanya jambo hilo. Mikono ilikumbuka. Binamu yangu naye ni hivyo. Baada ya ajali alijifunza kubadilisha vioo vya simu, na sasa ana kibanda chake hapa Kiwanjani. Muulize nani alimfundisha, hajui.

Shida ilikuwa daftari la madeni. Kuna wateja waliogundua kwamba wakisema "nilikulipa jana," anabaki kuwatazama. Mmoja alikwenda mbali zaidi: alilivuta daftari kama anasoma, akaandika mwenyewe neno "amelipa" mbele ya jina lake. Binamu yangu aliliona neno hilo baadaye, akaliamini. Kwake maandishi ya daftarini ndiyo kumbukumbu. Ni Natalie na kalamu zake, ila hapa ilikuwa pesa ya unga wa nyumba nzima.

Nilikaa naye tukatazama filamu zote mbili, moja Jumamosi, nyingine Jumapili. Nilikuwa na wasiwasi. Ghajini aliifurahia, akaimba. Memento tulikuwa tunaisimamisha mara kwa mara nimweleze tulipo, na siwezi kumlaumu, hata wenye vichwa vizima hupotea humo. Tulipofika kwenye tukio la kalamu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kitu ambacho sijakisoma kwa mchambuzi yeyote wa sinema:

"Ndugu yangu, huyu mtu hana hata shangazi?"

Nilicheka, lakini swali hilo halikutoka kichwani. Leonard analala hoteli, anakula peke yake, na kila anayemjua anamtumia. Ukiondoa ndugu na majirani, kinachobaki ni vikaratasi, na kikaratasi hakiulizi nani ameniandika.

Tulichofanya kibandani

Tulifanya mambo mawili, moja kutoka kila filamu.

Kutoka Memento: maandishi hayaaminiki kwa sababu tu yameandikwa. Deni sasa halifutwi kwa neno la daftarini. Linafutwa kwa ujumbe wa M-Pesa tu, kwa sababu ujumbe huo hauandikwi na mteja wala na mwenye kibanda. Unatoka kwa mtu wa tatu, una namba yake ya muamala, saa yake na tarehe yake. Anayelipa pesa taslimu anaambiwa aziweke kwenye M-Pesa kwanza. Wengine walinung'unika, wakazoea. Na daftari lenyewe nililigeuza kuwa programu ndogo ya simu: kila mstari unaonyesha umeandikwa lini na kwenye simu ya nani, na hakuna kitufe cha kufuta. Ukikosea unaongeza mstari mpya wa kusahihisha, ule wa zamani unabaki pale pale uonekane.

Kutoka Ghajini: nakala ya akiba iwe kwa watu. Kila jioni shangazi, yaani mama yake, anafungua programu hiyo kwenye simu yake na kumsomea siku yake. Nani alikuja, nani alilipa, nani alisalimia. Mara nyingine wanabishana. Mara nyingine shangazi anaongeza chumvi. Lakini siku inakuwa kwenye vichwa viwili, na mmoja wapo haufutiki.

Kwa hiyo ipi bora? Kama filamu, nasema Memento. Imejengwa kwa ustadi ambao Ghajini haiufikii, na mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa vizazi. Ila Memento inajua tatizo tu. Murugadoss, pamoja na ngumi zake na nyimbo zake, alimpa mgonjwa wake mtu wa kumsimulia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nitaeleza kwa nini sikuweka kitufe cha kufuta na jinsi unavyoweza kufanya hivyo kwenye programu yako. Kaeni salama, na wenye bodaboda, vaeni kofia.