Vijana wa Bel-Air Sasa Wanauliza Wenyewe

Mtoto aliyekulia Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alijua mapema kwamba liko swali moja ambalo mtu mzima akimuuliza, inafaa afikiri kabla ya kujibu: baba yako ni mtu wa wapi? Swali lenyewe si geni. Wazee huliuliza ili wajue wamsalimu vipi mgeni, na pengine wagundue kwamba wana undugu naye. Lakini katika Lubumbashi ya miaka ile, jibu lake liliweza kuamua kama familia italala nyumbani kwake au itafunga mizigo.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa watoto hao. Katika lupango, yaani ua, alimoishi na katika darasa alilosomea walikuwamo Wabemba, Wasanga, Walunda, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai. Waligombana na kupatana kwa Kiswahili kilekile cha Lubumbashi, kilichokopa sana Kibemba, Kiluba na Kifaransa. Jioni harufu ya sombe, yaani kisamvu, ilitoka kila mlango, na bukari, yaani ugali, iliyosongwa kwa jirani haikuwa na kabila. Watoto hawakuona tofauti kubwa kati yao mpaka walipoonyeshwa na wakubwa.

Wakubwa nao walikuwa na historia ndefu nyuma yao. Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ni mji wa wahamiaji tangu siku ya kwanza. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliajiri vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi, ikawajengea kambi, ikawapa posho ya unga, na watoto wao wakazaliwa wakiwa hawajui kwingine. Uchaguzi wa kwanza wa komini ulipofanyika mwishoni mwa 1957, wengi wa Waafrika waliopewa uongozi wa komini hizo walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga. Matokeo hayo yaliwaachia wenyeji wa Katanga kinyongo, na kutokana nacho, Oktoba 1958 kilizaliwa Conakat, chama kilichounganisha jumuiya za kikabila za Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa chama hicho, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na hali hiyo ikadumu hadi Januari 1963. Kwa hiyo mji huu ulipata kura na ugomvi wa asili kwa wakati mmoja, na ulihitaji miaka mingi kuvitenganisha.

Miaka thelathini baada ya kujitenga, jeraha lilifunguliwa upya. Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana wa jimbo, ambalo wakati huo liliitwa Shaba, na chama chake cha UFERI kikawa na jeshi la vijana lililoitwa JUFERI. Agosti 1992 Kongamano Kuu la Taifa lilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Katika siku hizo watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu hadharani, yaani wadudu. Likasi na Kolwezi ndiko kulikoumia zaidi. Mamia ya maelfu walifukuzwa, wakarundikana kwenye vituo vya reli wakisubiri treni za kuelekea Mwene-Ditu na Kananga. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, wengine vituoni, wengine ndani ya mabehewa.

Lubumbashi ilinusurika zaidi kuliko miji hiyo miwili, lakini haikupona kabisa. Mwandishi anakumbuka familia ya jirani iliyouza kabati, kisha vitanda, kisha sufuria, mpaka nyumba ikabaki na sauti ya mwangwi. Anamkumbuka pia yaya mmoja wa mtaa, yaani kaka mkubwa, kijana aliyewafundisha wadogo kupiga mpira, ambaye siku moja alionekana katika msafara wa JUFERI akiimba pamoja na wenzake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana asiye na kazi katika mji ambao mwajiri wake mkubwa alikuwa anaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyorithi Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Baba aliyezoea mshahara na posho alirudi nyumbani mikono mitupu, na mwanawe akaambiwa kwamba kazi yake imechukuliwa na mtoto wa jirani.

Jambo moja linastahili kusemwa wazi, maana mara nyingi watu huzungumza kana kwamba vijana wa Katanga wa zamani hawakujishughulisha na mambo ya umma. Walijishughulisha sana. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliuawa ndani ya chuo chao, katika siku ambazo vijana wa nchi nzima walikuwa wanadai mabadiliko. Kilichokosekana ni uhuru wa vijana kuamua wenyewe wajishughulishe na nini. Wakubwa waliwapa maneno, nyimbo na adui.

Baada ya hapo ulikuja ukimya. Tarehe 9 Aprili 1997 majeshi ya waasi wa AFDL yaliingia Lubumbashi, jina la Katanga likarudi mahali pa Shaba, vita vingine vikaanza mwaka uliofuata, na hakuna mtu aliyetaka kuzungumza habari za 1992. Waliobaki walikwepana macho sokoni. Baadhi ya waliofukuzwa walirudi kimyakimya na kukuta wengine katika nyumba zao. Mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, Gécamines iliachisha kazi zaidi ya watu 10,000. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshawaandikia kitabu mwaka 2001, akawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Katika kila lupango palikuwa na mtu wa kujitambua katika jina hilo, Mkasai na Mkatanga sawa.

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo wachache wangepatazamia: kwenye kusimulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dibwe na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki waliongoza mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Wanafunzi walitumwa mitaani kuwahoji wazazi, wafanyakazi wastaafu, washonaji na wanamuziki. Nyumba zilifungua masanduku. Picha za harusi, vitenge vya zamani na sahani za santuri vilitoka kabatini, na maonyesho yakafanyika katika Jumba la Makumbusho la Lubumbashi. Maonyesho ya 2002 yaliwahusu wanawake, mitindo na muziki. Kijana aliyezoea kuulizwa asili yake alipewa kinasa sauti, akaenda kuuliza yeye.

Aliyoyasikia yalikuwa tofauti na hotuba za wanasiasa. Alimsikia bibi wa Kibemba aliyejifunza kupika kwa shoga yake wa Kasai, na mzee wa Kiluba aliyemzika Msanga kama ndugu yake kwa sababu walishuka shimoni pamoja. Yako hata maandishi ya kale yenye roho hiyo. Mwaka 1965 André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Élisabethville jinsi ilivyokumbukwa na wapishi na maboi waliowatumikia Wazungu. Johannes Fabian aliitoa tena mwaka 1990, na leo wataalamu wa dunia nzima wanaisoma. Inasikitisha kwamba watoto wengi wa Lubumbashi humaliza shule bila kulisikia jina la Yav.

Wasanii wakafuata, na hapa ndipo hadithi inapochangamka. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kikoloni za wafanyakazi wa Union Minière akazibandika juu ya picha zake za viwanda vilivyokufa. Kazi hiyo, Mémoire, iliwasimamisha tena wanaume wale mbele ya magofu ya jasho lao. Mwaka 2008, Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha mikutano ya Picha, ambayo imekua na kuwa Biennale ya Lubumbashi. Mudekereza anaongoza pia Kituo cha Sanaa Waza. Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim, wasanii waliojifunza wenyewe, walitoa Machini, filamu fupi ya katuni iliyotengenezwa kwa mawe na chaki, inayoonyesha mji unavyotafunwa na viwanda vyake.

Anayeitazama Machini akiwa Bel-Air hahitaji kuelezwa. Viwanda vya kusindika madini viko karibu na nyumba za watu katika upande huu wa mji, na ziko siku ambazo hewa huwasha koo. Biennale ya 2022 iliijenga mada yake yote juu ya sumu: ile iliyomo katika hewa na maji, na ile iliyobaki katika mahusiano ya watu tangu ukoloni. Vijana waliokwenda kutazama picha walirudi mtaani wakiwa na maswali ya kiraia. Moshi huu unapimwa na nani? Maji ya kisima hiki yana nini?

Upande wa pili wa nchi wenzao walikuwa wameshaanza. LUCHA, yaani harakati ya kupigania mabadiliko, ilianzishwa Goma mwaka 2012 na vijana waliodai kwanza maji na ajira, bila silaha na bila mlezi wa kisiasa. Mtindo huo ulifika Lubumbashi. Tarehe 31 Julai 2017 vijana wa harakati za kiraia waliandamana katika miji kadhaa, Lubumbashi ikiwemo, kudai ratiba ya uchaguzi uliokuwa umepitwa na wakati, na kote nchini zaidi ya mia moja walikamatwa. Kwa mtu aliyewaona JUFERI kwa macho yake, tofauti ilimgusa moyo. Hawa walibeba mabango juu ya tarehe na sheria, na hakuna aliyemwuliza mwenzake baba yake ametoka wapi.

Sheria nayo imewapa kitu cha kushika. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utemi ulio na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni hutakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Asilimia 15 ya mrabaha wa shaba na kobalti si fedha ya kuchezea. Ni mifereji, ni zahanati, ni madawati. Ndiyo maana vijana wanaosoma vifungu hivyo kwenye simu zao na kwenda kuuliza hesabu wanafanya kazi nzito kuliko hotuba nyingi za uwanjani. Tarehe 20 Desemba 2023 wakazi wa Lubumbashi walichagua madiwani wa komini kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006 ianze kutumika. Sasa yupo mtu wa kuulizwa ambaye ameomba kura mtaani.

Haifai kudanganyana kwamba swali la zamani limekufa. Tarehe 23 Machi 2013 mamia ya wapiganaji wa Kata Katanga, kundi lililotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi na bendera ya Katanga ya Tshombe, na wengi walikuwa vijana waliotoka vijiji visivyo na barabara wala shule ya maana. Walifika hadi kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, wakasalimu amri, na maiti zikabaki njiani. Tangu 2021 taifa zima limebishana juu ya mswada uliopewa jina la Noël Tshiani, wa kuwaachia nafasi za juu za dola wale tu waliozaliwa na baba na mama Wakongomani. Kila mtu Lubumbashi alielewa kwamba mswada huo ungemgusa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ambaye baba yake alitoka Ugiriki. Na treni kutoka Kasai inapoingia na vijana wanaotafuta riziki, matusi ya 1992 husikika tena, safari hii yakipita kwenye WhatsApp.

Kinachompa mwandishi matumaini ni jinsi vijana wa Bel-Air wanavyojibu. Mmoja atasema bila kusita kwamba baba yake ni Mluba wa Kasai, mama yake Mbemba, naye ni mtoto wa Lubumbashi, kisha ataendelea na habari ya taka zilizoziba mfereji. Anaijua asili yake kuliko kizazi kilichomtangulia, kwa sababu amewauliza wazee badala ya kuambiwa na wanasiasa.

Lakini wazee wanaondoka. Wale waliosubiri treni katika kituo cha Likasi wakiwa watu wazima sasa wana miaka sitini, sabini na zaidi, na waliokuwa JUFERI nao wana mvi. Simulizi za kazi, mavazi na muziki zimekusanywa. Za 1992 na 1993 bado zimelala ndani ya nyumba nyingi za Kampemba. Vijana wa Bel-Air, washeni simu zenu, kaeni na wazazi, nanyi muwaulize pande zote mbili: aliyefukuzwa na aliyefukuza. Kisha nendeni komini, kwa diwani mliyempigia kura, mwombeni hesabu ya mwaka huu.