Muda wa Programu Ulivyoacha Kutabirika

Waliojifunza kuandika programu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka mwongozo wa prosesa ukiwa wazi mezani muda wote. Kila amri iliandikiwa mapigo ya saa inayotumia. Aliyetaka kujua programu yake itachukua muda gani alijumlisha mapigo hayo, kisha akagawanya kwa kasi ya mashine, ambayo kwa IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa mapigo milioni 4.77 kwa sekunde.

Hata wakati huo hesabu haikukubali kila mara. Amri ya SHR, inayosogeza biti kulia, iliandikiwa mapigo 2 katika prosesa ya Intel 8088. Ikirudiwa mfululizo, kipimo kilionyesha 8 au zaidi. Chanzo kilikuwa njia ya memori: 8088 ilivuta baiti moja kwa kila mapigo 4, na SHR ina baiti 2. Prosesa ilimaliza kazi mapema, ikakaa kungoja amri inayofuata ifike. Michael Abrash alilichambua jambo hili katika Zen of Assembly Language, kitabu cha mwaka 1990, na msisitizo wake kwamba mtu apime badala ya kukisia unastahili kusomwa hadi leo.

Baadaye mwongozo ulishindwa kabisa. Ilikuja kache: data iliyomo humo hupatikana kwa mapigo machache, ilhali ya memori kuu huweza kungojwa kwa mamia. Pentium ya mwaka 1993 ilitekeleza hadi amri mbili kwa pigo moja, tena ikibashiri programu itaelekea wapi. Ndiyo maana kitanzi kinachojumlisha namba zinazozidi kiwango fulani huweza kwenda kasi mara kadhaa orodha ikipangwa kwanza, ingawa namba ni zilezile na jibu ni lilelile. Katika orodha iliyovurugika ubashiri hukosea mara nyingi, na kila kosa hutupa kazi iliyokwisha kuanzwa. (Kompaila ikipanga ulinganisho wa namba na kiwango usihitaji ubashiri, tofauti hutoweka, na mpimaji hubaki na fumbo jingine.)

Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake watatu walionyesha jambo zito zaidi. Kurefusha vigezo vya mazingira vya Unix, hata kama programu haivisomi, kulibadilisha muda wake, kwa kuwa kulisogeza mahali data inapoanzia kwenye memori. Mpangilio wa kuunganisha faili ulifanya vivyo hivyo. Uboreshaji uleule wa kompaila ulionekana kusaidia katika mazingira fulani na kudhuru katika mengine. Walipendekeza vipimo vifanywe katika mipangilio mingi iliyochaguliwa bila upendeleo.

Kwa hiyo anayetangaza leo kwamba programu yake imeongezeka kasi kwa asilimia 3, naye amepima katika mpangilio mmoja, hajathibitisha kitu. Abadilishe mpangilio wa faili, apime upya, kisha atoe namba zote, zikiwemo zinazompinga.