Miche ya Karafuu

Nimezaliwa Wete, Pemba, miaka ambayo karafuu ilikuwa bado ndiyo kila kitu. Msimu ukifika, wachumaji walivuka kutoka Unguja kuja kupiga kambi mashambani. Usiku sisi watoto tulikaa juu ya majamvi, kila mmoja na fungu lake, tukitenganisha karafuu na makonyo mpaka vidole vikawasha. Babu alikuwa akituambia kwamba mkarafuu hukaa miaka sita, saba, kabla ya kuchumwa. Basi anayeupanda ameshanuia kukaa.

Hata wakati ule kuondoka hakukuwa kugeni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa zetu walitawanyika, wengine Mombasa, wengine Dubai na Muscat. Lakini hao niliwajua kwa picha tu. Kuhama nilikokuona kwa macho yangu kulianza na bei.

Katika miaka ya 1980 Waindonesia, waliokuwa wakinunua karafuu yetu kwa ajili ya sigara zao, walijitosheleza kwa mashamba yao wenyewe. Bei ikaporomoka. Mnunuzi wa halali Zanzibar alikuwa mmoja tu, serikali, na alicholipa hakikutosha hata kuwalipa wachumaji. Baba akaacha shamba la juu liingie msitu. Wengine walipakia magunia usiku kwenye mashua, wakayavusha Kenya kwa magendo. Watu wa pwani wakaijua njia ile gizani kama njia ya kisimani.

Njia hiyo ya karafuu ndiyo ikaja kuwa njia ya watu. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uliacha kidonda. Wa 2000 ukakitonesha. Tarehe 27 Januari 2001 risasi zilipigwa kwenye maandamano, watu wakafa. Siku chache baadaye kaka yangu alikuja usiku kuaga. Mama alifungua pindo la kanga, akahesabu noti tatu, akamfumbatisha. Hakumuuliza anakwenda wapi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka hadi Shimoni, Kenya, na Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi wa Burundi, Rwanda na Kongo ikawa na wakimbizi wake.

Muafaka wa kisiasa ulitiwa saini Oktoba mwaka huohuo, na wengi walirudi. Kaka hakurudi. Nilimkasirikia miaka mingi, maana risasi zilikuwa zimeshanyamaza. Siku moja akaniambia kwenye simu: "Mdogo wangu, hata kabla ya siku ile, uliniona lini nimeshika jembe?" Nikalikumbuka shamba la juu. Kweli, hatukupanda hata mche mmoja tangu bei ianguke. Risasi zilimkuta mtu ambaye mizizi yake imeshalegea.

Siku hizi watu wanaondoka mchana, paspoti mkononi; mabinti wa mtaani kwetu wanakwenda Oman kufanya kazi za ndani. Bei ya karafuu ilipanda tena, na kura ya maoni ya 2010 ilituletea serikali ya umoja wa kitaifa. Hata hivyo, kila uchaguzi ukikaribia, mama bado hununua unga wa kuweka akiba.

Mwaka jana kaka alipiga simu kutoka Uingereza, akaniuliza miche ya karafuu inauzwaje. Sikumuuliza ya nini. Nimelifyeka shamba la juu, nimempandia thelathini.