Gunia la mwisho na mwisho wa faili

Niko Kamsamba, wilaya ya Momba, huku mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016. Nimefuata habari za mpunga, lakini leo nazungumzia kompyuta. Nivumilieni.

Jamaa yangu niliyesoma naye chuo amenitumia maelezo ya CMS Pipelines, programu iliyobuniwa na John Hartmann wa IBM Denmark kwa ajili ya kompyuta zile kubwakubwa za IBM. Wazo la kuunga programu kama mabomba lilikuwepo kwenye Unix tangu 1973: kinachotoka kwa huyu kinaingia kwa yule. Hapo sikushangaa, hata mto Momba unatiririka hivyo hadi Ziwa Rukwa. Kilichonikunisha kichwa ni namna data zinavyofika mwisho.

Tazama amri hii:

PIPE < MPUNGA DATA A | TAKE 5 | CONSOLE

Hatua ya kwanza inasoma faili, ya pili inapitisha rekodi tano, ya tatu inazionyesha kwenye skrini. Je, faili likiwa na rekodi elfu kumi? TAKE akishapitisha ya tano anaondoka zake. Msomaji wa faili anapata taarifa kwamba hakuna tena wa kumpokea, naye anaacha. Kumbe mwisho wa faili unasafiri pande zote mbili! Unakwenda mbele chanzo kikikauka, unarudi nyuma mpokeaji akitosheka.

Sasa njoo kwenye stoo za mpunga, makuli wanapakia Fuso. Likijaa, sauti inarudi nyuma: "Limejaa!" Kuli aliye katikati ya njia, gunia mgongoni, alipeleke wapi? Karani wa stoo ameshaliwekea alama kuwa limetoka. Karani wa gari hajaliandika. Nimeushuhudia ubishi huo, na anayeumia ni kuli, maana hulipwa kwa gunia lililofika.

Hartmann aliliona tatizo hili. Hatua yenye adabu haiichukui rekodi kwanza. Inaichungulia kwa PEEKTO, inaipeleka mbele, na ikishapokelewa ndipo inaiondoa kule nyuma kwa READTO. Mbele pakifungwa, rekodi bado iko kwa mwenyewe. Ile inayochukua kwanza ndiyo hubaki na gunia mgongoni.

(SORT ana tabia yake. Hatoi hata rekodi moja mpaka aone mwisho, kwa sababu inayotakiwa kutangulia inaweza kuwa ndiyo inayofika mwishoni. Mweke kabla ya TAKE 5 uone: faili zima litasomwa kwa ajili ya rekodi tano.)

Halafu kuna hili, ambalo kwa sisi waandishi tunaotumiwa mafaili ya takwimu linatuhusu kabisa: mwisho wa faili hausemi sababu. Stoo imeisha au kuli ameanguka njiani, mpokeaji anasikia ukimya uleule. Ndiyo maana PIPE ikimaliza hutoa namba ya matokeo pembeni, na isipokuwa sifuri, kuna jambo la kuuliza.

Nilimuuliza karani wa stoo kwa nini asitie alama baada ya gunia kutua garini.

"Kaka, foleni yote itasimama," akanijibu.

Ni kweli itasimama. Hata kwenye Pipelines, rekodi moja ikikwama mbele, aliyeituma anasubiri.