Kipande cha Waya

Mimi karani wa parokia nina kosa la kuwaeleza. Fyuzi ya plagi ya birika la umeme iliungua ofisini. Dukani sikuipata, nikafunga kipande cha waya mahali pake. Chai ikachemka, nami nikasahau.

Juzi nilishika plagi ile: ya moto, imeanza kuwa nyeusi. Fyuzi ya ampea 13 hukatika umeme unapozidi mno. Waya wangu ungeacha nyumba iwake. Ndani, waya wa kijani na manjano, ule wa kwenda ardhini, ulikuwa umechomoka. Na mama mpishi hushika birika lile la chuma kwa mikono mibichi!

Nilimwambia Padre baada ya Misa. Akauliza, nimefunga plagi ngapi nyingine vile?

Mbili.